Jina la Ugonjwa wa Mwalimu



Hapa Chekereni magonjwa yana majina machache. Anayetetemeka kwa homa ana malaria. Anayeumwa kichwa na tumbo kwa siku nyingi ana taifodi. Mtu mzima aangukaye shambani ana presha. Na yule aliyetibiwa yote matatu asipone, huyo husemwa kwa sauti ya chini, tena baada ya kuhakikisha kwamba mlango umefungwa, kuwa ana mkono wa mtu. Juma hili tumeona vema tuzungumze nanyi juu ya ugonjwa usiomo katika orodha hiyo, uitwao maltipo sklerosisi, au MS kwa kifupi. Na hasa juu ya jinsi jina hilo linavyokosewa, likanyimwa wenye ugonjwa na kubandikwa wasio nao.

Tunaandika kwa ruhusa ya mama mmoja wa parokia yetu, mwalimu wa shule ya msingi. Binti yake alimsomea mistari hii yote kabla hatujaiweka hapa, naye akafuta sentensi mbili na kuongeza moja. Jina lake hatulitaji. Wanaoishi jirani watamtambua tu, nasi tunawaomba wasimwulize lolote asilolianza mwenyewe. Aidha, hakuna hata neno moja hapa lililotoka katika kitubio.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Nyuzi za fahamu zilizo katika ubongo na uti wa mgongo zimevikwa utando, kama waya wa umeme ulivyovikwa plastiki. Utando huo huitwa mayelini. Katika MS, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na maradhi, hugeuka na kuushambulia utando huo hapa na pale. Penye kidonda, ujumbe kutoka ubongoni hukwama au hufika umechelewa. Ndiyo maana mmoja hupoteza kuona kwa jicho moja, mwingine hufa ganzi mkono, mwingine huchoka kupita kiasi, na mara nyingi dalili huja, zikaondoka, kisha zikarudi kwa sura nyingine. Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza ugonjwa huu mjini Paris mwaka 1868. Hesabu ya mwaka 2023 ilionyesha watu wapatao milioni 2.9 duniani wanaishi nao, wengi wao wakiwa katika nchi zilizo mbali na ikweta. Wataalamu hufikiri kwamba jua na vitamini D ni sehemu ya sababu. Barani Afrika wagonjwa wanaojulikana ni wachache. Kwa hiyo neno "adimu" limekuwa likigeuka taratibu vichwani mwa watu kuwa "haupo", na penye mashine chache za MRI na madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu wachache zaidi, ugonjwa usiotafutwa hauonekani.

Mwalimu wetu alikuwa na miaka 31, mama wa watoto wawili, yeye na mumewe wakilima mpunga katika eneo la skimu. Mwezi Mei 2016 jicho lake la kushoto lilianza kuuma kila alipolizungusha, na baada ya siku tatu akawa analitazamia kama mtu aliye ndani ya jiko la kuni. Alipewa dawa ya matone, akaambiwa anunue miwani. Jicho lilirudi nusu. Mwaka uliofuata alipata kwikwi na kutapika kusikokoma, akatibiwa vidonda vya tumbo. Mwezi Juni 2018 aliamka asubuhi hajisikii kuanzia kifuani kwenda chini, na mkojo umekataa kutoka.

Sisi tulikuwa tumeshafika parokia hii, na tuliitwa usiku kumpa Mpako wa Wagonjwa. Hapa turuhusiwe kuingiza neno la pembeni, maana linatukera. Wapo miongoni mwetu ambao wakimwona Padre akiingia nyumba fulani na mafuta matakatifu, wao huanza kuulizana turubai litatoka wapi. Sakramenti hiyo ni ya wagonjwa, si ya maiti watarajiwa. Usiku ule, kabla hatujafika getini kutoka, jumuiya nzima ilikwisha kumhesabu Mwalimu kuwa ni marehemu. Hiyo nayo ni aina ya kutaja ugonjwa kimakosa, na haihitaji hata cheti.

Katika muda wa miezi tisa iliyofuata alitibiwa malaria mara tatu na taifodi mara mbili. Alipimwa virusi vya UKIMWI mara nne. Mara zote hakuwa navyo, na kila kipimo kilizaa uvumi mpya kuliko ule kilichoufuta. Hospitali moja ilimwanzishia dawa za kifua kikuu cha uti wa mgongo, kwa kuwa katika nchi yetu hicho huonekana mara nyingi pale miguu inapokufa.

Msidhani tunawasimanga matabibu. Tabibu kijana aliye peke yake zahanatini na foleni ya wagonjwa hadi barabarani hana muda wa kusikiliza habari ya jicho la miaka miwili iliyopita. Tena sisi wenyewe ndio tunaomlazimisha. Nani kati yetu hurudi nyumbani ameridhika akiambiwa, "Sijajua bado unaumwa nini"? Tunataka jina na sindano siku hiyo hiyo. Tusipopata, tunahamia duka la dawa la jirani. Na kwetu, malaria ni jina lililo karibu na ulimi, kwa sababu tunaishi katikati ya majaruba na mbu wanatuimbia kila jioni. Ajabu ni kwamba watafiti waliolinganisha vijiji vya hapa Moshi chini waliandika mwaka 2002 kwamba penye mpunga mbu ni wengi zaidi, lakini maambukizi ya malaria yalikuwa machache kuliko kijiji cha nyika kisicho na umwagiliaji.

Ipo pia habari iliyotushtua zaidi. Kati ya mwaka 2007 na 2008, katika hospitali za KCMC na Mawenzi, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, watu wazima na watoto, walichunguzwa kwa vipimo vya kina kuliko vya kawaida. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013, 528 kati yao walikuwa wamedhaniwa kuwa na malaria. Walioumwa malaria kwa kweli walikuwa 14. Wengine walikuwa na maambukizi ya bakteria katika damu, na si wachache walikuwa na magonjwa yatokayo kwa wanyama, ambayo hakuna aliyekuwa ameyafikiria walipopokelewa. Tunazisifu hospitali hizo kwa kukubali kupimwa na kuacha hesabu hiyo isomwe na dunia nzima. Ikiwa homa, ambayo kila mtu anaijua, inaweza kupewa jina lisilo lake kwa kiasi hicho, itakuwaje kwa ugonjwa wa fahamu?

Jibu moja tunalo kutoka kwa majirani zetu wa Hai. Huko watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu 161,071, wakitafuta wenye ugonjwa wa Pakinsoni, ule wa kutetemeka mikono na kukakamaa mwili. Waliwapata 33, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Asilimia 78 ya hao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Walikuwa wazee tu, basi. Uzee ulikuwa ndilo jina lao.

Turudi kwa Mwalimu. Zahanati ilipokuwa ikitafuta jina lake, kijiji kilikuwa kimekwisha kulipata. Mwaka 2015, yaani mwaka mmoja kabla ya jicho kuuma, yeye na wifi yake waligombana vibaya juu ya zamu ya maji ya mfereji, hadi wakaitwa kwa balozi. Wifi ni mwanamke wa maneno machache, hana mtoto, ni mweka hazina wa kikundi cha VICOBA, na hasamehe deni. Mnajua wenyewe hesabu ya namna hiyo hujumlishwaje. Tulipokuwa seminari kuu tulifundishwa katika somo la mantiki kwamba jambo kutangulia jingine si sababu ya kulizaa. Lakini mtu mwenye mgonjwa ndani hasomi mantiki. Kulikuwa na waliotaka Mwalimu apelekwe kwa mganga upande wa pili wa mto, na kulikuwa na wahubiri waliojitolea kumfunga na kufungua. Wanaokumbuka mwaka 2011, magari yalivyopanga foleni ya kilometa nyingi kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500, watakubaliana nasi kwamba watu hawakwenda kule kwa ujinga. Wengi walikwenda kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa amekaa nao kitako akawaeleza wanaumwa nini.

Ndugu walichanga, ng'ombe wawili wakauzwa, na mwezi Machi 2019 Mwalimu akapelekwa katika jiji moja kubwa kwa kipimo cha MRI. Picha ilionyesha madoa. Akaambiwa ana MS. Alituambia kwamba siku ile alilia kwa furaha, na tunamwelewa. Kwa miaka karibu mitatu alikuwa mtu anayetuhumiwa. Sasa alikuwa mtu anayeumwa. Kaka yake aliye ng'ambo akaanza kumtumia sindano za intaferoni, dawa inayowasaidia wengi wenye MS. Zilitakiwa zikae kwenye baridi, na kwa kuwa umeme wa nyumbani kwao ulikuwa wa kubahatisha, zilihifadhiwa katika jokofu la masista, kati ya maziwa na chupa za divai ya Misa.

Lakini jina lile nalo lilikuwa na miguu yake, likatembea. Kijana mmoja wa ukoo alilitafuta kwenye simu, akasoma kwamba ugonjwa huo unaweza kufuata damu ya familia. Ni kweli kwamba ndugu wa mgonjwa wa MS wana uwezekano mkubwa kidogo kuliko watu wengine, ila si ugonjwa unaorithiwa kama shamba la kihamba. Ukoo haukusoma hadi hapo. Jumamosi moja wazee wanne walifika ofisini kwetu, wakiongozwa na baba mkwe, na wifi akaja nyuma yao akakaa karibu na mlango. Walileta ndizi, jambo lililotuonyesha kwamba shauri ni zito.

"Baba Paroko," alisema baba mkwe, "sisi mkwe wetu hatumchukii. Lakini tuliuziwa mbuzi kwenye gunia. Kwao waliujua ugonjwa huu wakatuficha. Tunauliza kama Kanisa linaweza kuitazama upya ndoa hii."

Tuliwaeleza, kwa upole kadiri tulivyoweza, kwamba ipo kanuni ya 1098 inayohusu mtu aliyedanganywa kwa hila ili akubali ndoa, kuhusu sifa ya mwenzake ambayo kwa asili yake yaweza kuvuruga sana maisha yao ya pamoja; kwamba ugonjwa unaoanza baada ya ndoa haumo humo hata kidogo; na kwamba anayepaswa kuleta shauri la ndoa ni mwenye ndoa, naye hakuwa ametumwa wala hakutuma. Mumewe wakati huo alikuwa shambani na pawatila, akilipia nauli ya hospitali inayofuata. Kisha tukauliza harusi ilifungwa lini. Wakasema mwaka 2011. Tukauliza jicho lilianza kuuma lini. Wazee wakatazamana.

"Mei 2016," akasema wifi kutoka mlangoni. "Tarehe 9, Jumatatu. Nauli 2,000, matone 6,500."

Hatukulipa uzito jambo hilo siku ile, zaidi ya kushukuru kwamba lilifunga mazungumzo.

Sindano ziliendelea, na Mwalimu akazidi kuharibika. Kabla mwaka haujaisha jicho la kulia nalo likaanza. Waliokuwa wakisema mkono wa mtu wakapata nguvu mpya: hata dawa ya Wazungu imeshindwa. Ndipo, mwanzoni mwa mwaka 2020, alipofika mbele ya daktari bingwa wa mishipa ya fahamu ambaye hakuanza na picha. Aliiweka bahasha ya MRI mezani bila kuifungua, akamwambia Mwalimu asimulie tangu mwanzo. Mumewe alituambia kwamba walikaa humo karibu saa nzima, hata muuguzi akachungulia mara mbili. Katikati ya maelezo daktari aliuliza swali lililowashangaza wote: "Uliwahi kupata kwikwi za siku nyingi?"

Mwalimu alikuwa amezisahau. Ni nani anayekumbuka kwikwi baada ya kupooza? Wifi, aliyewasindikiza kama alivyowasindikiza mara zote, alifungua mkoba akatoa daftari la shule la kurasa 96. Tangu siku ya kwanza alikuwa akiandika kila senti iliyotumika kwa ajili ya mgonjwa, kwa kuwa alijua ukoo siku moja utauliza fedha zilikwenda wapi, na kwa kuwa alijua ni nani atakayeulizwa. Akasoma: "Februari 2017. Kwikwi siku 13 na kutapika. Dawa za vidonda vya tumbo, 18,000." Daktari aliliomba daftari, akalisoma lote, akinakili tarehe.

Alichokuwa akikishuku ni ugonjwa mwingine, unaofanana sana na MS, ambao madaktari huuita nyuromayelitisi optika, au ugonjwa wa Devic, kwa jina la Mfaransa aliyeueleza mwaka 1894. Kwa miongo mingi ulidhaniwa kuwa tawi tu la MS. Mwaka 2004 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, waligundua katika damu ya wagonjwa hao kingamwili isiyoonekana kwa wenye MS, na baadaye ikajulikana inashambulia nini: mifereji midogo inayopitisha maji katika kuta za seli. Sisi watu wa skimu hatuhitaji kufafanuliwa sana vita vya mifereji. Mifereji hiyo ni mingi katika mshipa wa jicho, katika uti wa mgongo, na katika sehemu ndogo ya shina la ubongo inayoongoza kutapika na kwikwi. Jicho, kwikwi, miguu: vitu vitatu ambavyo Mwalimu alivitibiwa katika milango mitatu tofauti vilikuwa kitu kimoja. Ugonjwa huu huwapata wanawake zaidi ya wanaume kwa mbali, na kwa watu wenye asili ya Afrika haupaswi kusahaulika hata kidogo. Na hapa ndipo kosa la jina linapokuwa na meno: intaferoni inayowasaidia wenye MS haiwasaidii wenye Devic, na baadhi yao huwazidishia mashambulizi. Shambulio moja tu la Devic laweza kuondoka na jicho moja kwa moja.

Damu ilipelekwa nje ya nchi. Majibu yaliporudi, kingamwili ilikuwepo. Sindano zikasimamishwa, akapewa steroidi, kisha vidonge vya azathioprini vya kila siku, dawa ya zamani na isiyo na majivuno, inayoituliza kinga ya mwili. Masista wakapata nafasi katika jokofu lao.

Wapo watakaosema kwamba haya hutokea kwetu kwa sababu ya umaskini wa vipimo. Umaskini upo, wala hatuuremba. Ila mwaka 2019 hospitali mbili za Los Angeles, zisizokosa mashine yoyote, zilichapisha habari ya wagonjwa 241 waliofika kwao wakiwa tayari wameambiwa wana MS. Arobaini na watatu kati yao hawakuwa nayo. Ugonjwa uliojitokeza mara nyingi zaidi miongoni mwa hao ulikuwa kipandauso, yaani maumivu ya kichwa ambayo bibi zetu wanayafahamu vizuri, na ambayo nayo yanaweza kuacha madoa meupe kwenye picha ya ubongo. Katika uchunguzi mwingine wa Marekani, wa mwaka 2016, kati ya watu 110 waliopewa jina hilo kimakosa, theluthi moja walilibeba kwa miaka 10 au zaidi, na asilimia 70 walikuwa wamekunywa au kudungwa dawa za ugonjwa wasiokuwa nao. Huko mashine huona sana, na mtu husikilizwa kidogo. Huku mashine hazipo, na mtu husikilizwa kidogo vilevile.

Tena miguu hufa kwa sababu nyingi, na hili tungependa wasomaji wetu walishike. Mwaka 1985, wakati wa ukame huko Tarime, watu 39 walipooza miguu kwa ghafla. Madaktari waliowachunguza, akiwemo William Howlett, ambaye watu wa KCMC wanamfahamu vema, na ambaye mwaka 2012 alitoa kitabu kizima kuhusu magonjwa ya fahamu barani Afrika, walikuta ni konzo. Ugonjwa huo hutokana na muhogo mchungu ambao haukulowekwa na kukaushwa vya kutosha kwa sababu ya njaa, hata sumu yake ikabaki, kwa watu wasio na maharage wala nyama ya kuupinga. Jina hilo ni la Kiyaka, lugha ya Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Kuna kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho kikiwahiwa hupona. Kuna upungufu wa vitamini B12. Kuna maji yenye floridi nyingi, ambayo pande za Meru na tambarare zake twayajua kwa meno ya rangi ya kahawia, lakini kwa waliokunywa miaka mingi yanaweza kukunja mifupa hadi uti wa mgongo ukabanwa. Kila moja ya haya lina njia yake, na njia ya moja si dawa ya jingine.

Katika Injili ya Marko yumo mwanamke aliyetokwa damu miaka 12. Marko anasimulia bila kumung'unya kwamba alihangaika kwa waganga wengi, akamaliza mali yake yote, na hali ikazidi kuwa mbaya. Luka, ambaye mapokeo yanamtaja kuwa mganga, anaisimulia habari hiyo hiyo, lakini lile la kuzidi kuwa mbaya kwa mikono ya wenzake analipita kimya. Mwalimu wetu wa Maandiko alikuwa akicheka sana afikapo hapo. Tangu habari ya mama huyu, sisi tunaitazama zaidi ile miaka 12, kwamba mtu aliihesabu. Kuna mtu alikuwa akihesabu.

Kwa sababu hiyo, katika ziara zetu za wagonjwa sasa tunaomba kila nyumba iwe na daftari. Tarehe, kilichouma, kilichopewa, kilichofuata. Twaomba pia mgonjwa asione haya kumwuliza daktari, "Je, inaweza kuwa kitu gani kingine?" Daktari mwema hakasiriki kwa swali hilo. Na tunaomba asiache dawa za hospitali kwa sababu ya ndoto ya jirani, wala kwa sababu amepakwa mafuta nasi.

Mwalimu anatembea kwa fimbo. Jicho la kushoto halikurudi. La kulia linasoma maandishi makubwa. Anafundisha darasa la pili akiwa ameketi, kwenye kiti chenye mikono ambacho baba mkwe wake alimwagiza fundi seremala akitengeneze, akakileta shuleni mwenyewe kwa toroli bila kusema neno. Shauri la ndoa halikuletwa tena ofisini. Kijijini bado wapo wanaosema mkono wa mtu, na mmoja wao humpa wifi salamu kutoka ng'ambo ya mfereji. Mara mbili azathioprini imekosekana mjini Moshi, mumewe akapanda basi la alfajiri kwenda kuitafuta Arusha.

Sentensi aliyoiongeza Mwalimu ni hii: kwamba wifi yake hakuwahi kumwomba radhi kwa ule ugomvi wa maji, na yeye pia hakumwomba, na maji wanagawana.

Daftari la tatu lilianza mwezi uliopita. Ukurasa wake wa kwanza una nauli ya kwenda na kurudi, kipimo cha damu, vidonge vya siku 30, na maandazi mawili.